Picha za Kihindi za zamani: kuna maskini wa kweli aliyewahi kumwoa binti wa tajiri?

#1 Mchuzi wa Pweza (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu.

Nina hoja, naomba mnipinge kwa mifano, siyo kwa matusi. Tumekua tukiambiwa picha za Kihindi ni hadithi za maskini na tajiri kupendana mpaka wazazi wanasalimu amri. Mimi nasema hivi: kwenye zile za zamani, kuanzia miaka ya 50 hadi mwisho wa miaka ya 80, maskini wa kweli hamwoi tajiri. Ukiona kamwoa, ujue kabla ya picha kuisha itagundulika yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa tajiri aliyepotea, au baba yake alikuwa rafiki wa tajiri tangu zamani. Ikishindikana hapo, anakufa.

Chukua Awaara ya 1951. Raj Kapoor ni mwizi wa mitaani, Nargis ni mwanasheria aliyelelewa nyumbani kwa jaji. Watu wanalia, watu wanaimba. Kumbe Raj ni mtoto wa jaji huyo huyo! Jaji alimfukuza mkewe mjamzito kwa sababu alikuwa ametekwa na jambazi Jagga, akashuku mimba siyo yake. Sasa hapo ukuta gani umevukwa? Kijana karudi kwao tu.

Nawasilisha.

#2 Kandambili
Nimeweka kiti mbele kabisa, karanga ninazo. Wajuvi waje.

#3 Dereva Mstaafu
Mkuu usitupige kamba. Bobby ya 1973 umeiweka wapi? Rishi Kapoor mtoto wa tajiri, Dimple mjukuu wa yaya aliyemlea Rishi, baba yake mvuvi Mkristo wa Goa. Kipato tofauti, dini tofauti, na hakuna aliyegundulika katoka tumbo la nani. Yule Amrish Puri kama baba wa kijana, alivyokuwa anatoa macho mle ndani, mpaka leo namuogopa.

#4 Shangazi wa Tandale
Dereva umeanza vizuri halafu ukaingia mtaroni. Baba wa Rishi mle ni Pran. Macho ya Amrish Puri tulikuja kuyajua miaka ya 80. Prem Chopra ndiyo yumo, yule anayejitambulisha kwa jina lake mwenyewe.

Halafu kumbukeni hali ilivyokuwa. Raj Kapoor, mwongozaji wa Bobby, alitoka kupigwa hasara ya kutisha na Mera Naam Joker ya 1970, madeni mpaka shingoni. Rajesh Khanna, nyota wa wakati ule, hakuwa na ubavu wa kumlipa. Akamsimamisha mwanawe mwenyewe, Rishi, na binti ambaye hakuna aliyemjua. Kwa hiyo hayo mapenzi ya mvuvi na tajiri yalikuwa kwanza biashara ya kuokoa studio, mengine baadaye.

#5 Mchuzi wa Pweza
Shangazi, asante kwa Pran.

Dereva, nakiri Bobby ni mfupa mgumu, lakini tazama mwisho wake. Mzee Nath, baba wa kijana, anamtolea Jack Braganza, yule mvuvi, pesa ili binti akae mbali na kijana wake. Pale ndipo ulipokuwa ukweli wote wa picha, wanaume wawili wazima, mmoja ana noti mkononi na mwingine amekuja na furaha yake ya posa. Baada ya hapo nini? Vijana wanajitosa kwenye maporomoko, tajiri anamtoa majini Bobby (Dimple), mvuvi anamtoa Raj (Rishi), yameisha. Bila wale watoto kutaka kufa maji kuna ndoa pale? Na picha imekatwa kabla hatujamwona Bobby amekaa meza moja na wakwe.

#6 Dereva Mstaafu
Kwa hiyo ulitaka uoneshwe na fungate? Ridhika mzee. Na huyo Pran alikuwa anatoa macho vilevile.

#7 Binti Makunduchi
Naona mnachanganya vitu viwili. Kijana tajiri kumpenda binti maskini na binti tajiri kumpenda kijana maskini siyo kesi moja. Wa kwanza anaonekana ana huruma, binti atafundishwa kuvaa, ataingizwa ndani, mama mkwe atanuna kisha atazoea. Wa pili anaonekana kamvua nguo baba yake hadharani. Ndiyo maana picha za aina ya pili zina maumivu zaidi.

Angalieni Jab Jab Phool Khile ya 1965. Shashi Kapoor ana boti ya kulaza wageni kule Kashmir, Nanda ni mtoto wa tajiri kaja kutalii. Wanapendana vizuri ziwani. Shida inaanza kijana anapomfuata mjini. Anavalishwa suti, anafundishwa kula kwa uma, anapelekwa kwenye dansi, anamwona mpenzi wake mikononi mwa wanaume wengine, anasimama pembeni kama mzigo uliosahaulika bandarini. Mwimbaji Rafi anaimba pale kwa niaba yake kwamba hapa mimi ni mgeni. Mwisho binti anamkimbilia stesheni, treni inaondoka, Shashi anamvuta ndani.

Mleta mada, huyo hakugundulika mtoto wa mtu. Ni mwenye boti mpaka mwisho. Ila jiulize nani kalipa. Binti kaacha kila kitu ndiyo akapandishwa treni. Tabaka halikuvukwa, alishushwa mmoja.

#8 Kandambili
#7 umeua. Lakini baba wa Nanda alikuwa tajiri, mrithi ni huyo huyo mmoja. Wazee wakishafariki Shashi ananunua boti ishirini.

#9 Nyundo ya Keko
Kwangu mimi mfano wa kufunga mjadala ni Muqaddar Ka Sikandar, 1978. Amitabh, ndiye Sikandar, ni yatima, mtumishi wa nyumba ya wakubwa, anampenda memsaabu mdogo, binti wa nyumba, tangu utotoni. Anasingiziwa wizi, anafukuzwa. Anakua, anapata pesa, anajenga jumba, anavaa vizuri kuliko hao wakubwa, ambao nao wamefilisika na yeye ndiye anawasaidia kwa siri. Sasa amewazidi. Je, anampata Raakhee, yule memsaabu? Hampati. Raakhee anampenda Vinod Khanna, wakili ambaye alikuwa hana hata kazi!

Kwa hiyo siyo pesa wakuu. Kuna kitu kinaitwa kukulia sebuleni. Sikandar ana jumba lakini bado macho yake ni ya mtu aliyesimama nje ya dirisha siku ya bethidei ya memsaabu.

#10 Kipusa wa Magomeni
Na kafa. Sisi tuliambiwa staringi hafi! Siku tulipouona huo mkanda kibanda umiza cha mtaani, kuna jamaa alidai arudishiwe kiingilio, anasema ametapeliwa, haiwezekani Amitabh auawe na Amjad Khan mbele ya watu.

#11 Dereva Mstaafu
Nyundo umemruka Rekha makusudi? Zohra ndiye alikuwa mapenzi ya kweli mle. Mcheza ngoma wa watu, anampenda Sikandar, anajiua ili asimharibie jina. Mnahangaika na Raakhee tu, ninyi wenyewe mna ubaguzi wa tabaka.

#12 Kijana wa Upanga
Nimesoma kimya, niongeze la kwetu. Mimi ni Mtanzania, wazee wangu asili yao Gujarat, nimezaliwa na kukulia Upanga. Ninyi mnaangalia fedha. Bibi yangu alikuwa anaangalia jina la ukoo. Mhusika akitajwa jina kamili, bibi anajua papo hapo huyu ni wa jati gani, yaani tabaka la kuzaliwa, anaoana na nani na haoani na nani, kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

Sasa rudini mkahesabu ni mara ngapi staringi anaitwa Raj tu. Au Vijay tu. Ukoo haupo. Mnadhani walisahau? Mtu asiye na jina la ukoo hana jati, anabaki maskini tu, na maskini kila mtu anaweza kumhurumia. Ukimpa ukoo umegusa ndoa ya kila familia iliyokaa ukumbini, umeua biashara. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mapenzi ya tajiri na maskini mara nyingi ni mapenzi ya jati mbili yaliyovishwa nguo ya umaskini ili yapite.

Wachache walithubutu. Achhut Kannya ya 1936, Ashok Kumar ni kijana wa Kibrahmin, jati ya juu kabisa, Devika Rani ni binti wa mlinzi wa kivuko cha reli, jamii yao ni wale wa chini kabisa walioitwa wasioguswa. Binti anaishia kugongwa na treni. Ilikuwa 1936, pengine hapakuwa na mwisho mwingine.

#13 Mchuzi wa Pweza
Kijana wa Upanga hapo umepiga ndani ya kumi na nane. Ila umenisaidia mimi: binti kafa.

#14 Mwalimu wa Zamu
Basi nami nimsaidie Kijana wa Upanga, nimpinge mleta mada. Sujata ya 1959, mwongozaji Bimal Roy. Katiba ya India ilishapiga marufuku hayo mambo ya kutoguswa tangu 1950, ibara ya 17, lakini majumbani ilikuwa vilevile. Nutan, ndiye Sujata, ni yatima wa jamii hiyo, kalelewa na familia ya Kibrahmin. Sunil Dutt, Mbrahmin, alitarajiwa amwoe Rama, binti wa nyumba. Akampenda Sujata.

Kuna jambo moja mle linarudiwa taratibu bila kelele. Wageni wakija, mama anamtambulisha Rama kuwa ni binti yetu. Akifika kwa Sujata anasema huyu ni kama binti yetu. Nutan anasikia, anashusha macho, anaendelea kutandika meza. Hakuna kofi, hakuna radi. Mama anakuja kuanguka ngazi, anahitaji damu, na damu inayolingana ni ya Sujata. Hapo ndipo anamkubali, na Sunil Dutt anamwoa.

Hakugundulika mtoto wa mtu. Hakufa. Mleta mada jibu.

#15 Mchuzi wa Pweza
Mwalimu, shikamoo. Najibu: kalelewa nyumbani kwa injinia! Anaongea kama wao, anavaa kama wao, anajua chai inaandaliwaje. Mngemtoa kijijini kwao moja kwa moja akiwa na miaka ishirini, Sunil Dutt angemwimbia kwenye simu kama alivyofanya mle?

#16 Mwalimu wa Zamu
Marahaba. Unahamisha magoli.

#17 Kaka Tausi
Uzi mtamu. Mbona hakuna aliyetaja baba wa picha zote, Mughal-e-Azam? Mwana wa mfalme na kijakazi mcheza ngoma, Dilip Kumar na Madhubala. Mfalme Akbar akamzika binti wa watu akiwa hai ndani ya ukuta. Hapo mapenzi ya tabaka yalijibiwa kwa matofali.

#18 Shangazi wa Tandale
Kaka Tausi, kuzikwa hai ukutani ni hekaya inayosimuliwa tangu enzi, lakini kwenye picha ya K. Asif ya 1960 Anarkali, yule Madhubala, hafi. Ukuta unajengwa kweli, ila Akbar alikuwa na deni la ahadi kwa mama yake Anarkali, kwa hiyo anamtoa kwa njia ya chini ya ardhi pamoja na mama yake, kwa sharti Salim, yule mwana wa mfalme, aamini amekufa. Kwangu hiyo ni mbaya kuliko kufa. Mfalme anakuachia roho, anakunyima mtu wako.

Na ule wimbo kwenye ukumbi wa vioo, ukipenda ya nini kuogopa, ulipigwa kwa rangi wakati sehemu kubwa ya picha ni nyeusi na nyeupe. Yote ilikuja kutiwa rangi 2004.

#19 Binti Makunduchi
Bibi yangu aliiona hiyo Mjini Unguja kwenye onyesho la wanawake watupu. Anasimulia Madhubala alipogeuka na kuonekana kwenye kila kioo cha dari, wanawake walisimama na mabuibui yao wakapiga vigelegele kama wapo harusini. Nikimuuliza kuhusu tabaka ananiambia, we mwana, sisi tulikwenda kutazama vikuku na mishono.

#20 Mvita Mmoja
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu hata tusipoelewa neno moja la Kihindi tulikuwa na Juma Bhalo, Mungu amrehemu. Alikuwa akichukua tuni ya Kihindi, anaitilia shairi lake la Kiswahili, basi yakhe, jioni mji mzima waimba. Wengi twalijua lalamiko la mpenzi aliyekataliwa kwa sauti yake kabla hatujaiona picha yenyewe. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#21 Msoma Gazeti
Turudi. Nadhani mleta mada ameisoma Awaara kichwa chini miguu juu. Mwandishi wa hadithi ni K. A. Abbas, mtu wa mrengo wa kushoto, yule yule wa chama cha tamthilia cha IPTA. Baadhi ya mashairi ni ya Shailendra, ambaye alitoka kufanya kazi karakana ya reli. Hawa hawakuwa watu wa kubembeleza damu ya kitajiri.

Jaji ndiye anayeamini mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema. Jagga anaamua kumkomesha kwa kumchukua mtoto wa jaji na kumfundisha wizi. Kwa hiyo ugunduzi kwamba Raj ni mtoto wa jaji siyo zawadi kwa Raj, ni hukumu dhidi ya jaji. Damu yako safi hiyo hapo kizimbani. Ni mtaa uliomfanya hivi, na mtaa uliutengeneza wewe.

Kumbukeni sherehe ya kuzaliwa ya Rita, yule Nargis. Jaji kamnunulia mkufu, kaporwa njiani na Raj ambaye hamjui. Raj anakuja kwenye sherehe na mkufu usio na kasha, anampa Rita. Jaji anakuja na kasha, linafunguliwa, tupu. Rita anashika zawadi mbili anaelewa kila kitu bila kuambiwa. Mtu akikuambia hiyo picha haina la kusema juu ya tajiri na maskini, mwambie akaitazame tena bila kukimbilia nyimbo.

Tena Raj hatoki na harusi mle. Anatoka na kifungo cha miaka mitatu, na Rita anamwambia atamsubiri.

#22 Mchuzi wa Pweza
Nimekusoma na nakuheshimu, lakini Abbas aliandika kwa ajili ya kichwa na Raj Kapoor aliongoza kwa ajili ya moyo. Waliokaa viti vya mbele hawakutoka wakisema mazingira ndiyo humuumba mtu. Walitoka wakisema alhamdulillah, kumbe kijana alikuwa wa nyumba kubwa. Picha moja ilikula sahani mbili.

#23 Fundi Saa
#22 ndiyo biashara yenyewe. Mwenye picha anauza tiketi ya viti vya mbele na ya balkoni jioni moja. Wa mbele unampa kijana wao anayempenda binti wa ghorofani. Wa balkoni unampa uhakika kwamba kijana yule, hatimaye, ni wa kwao. Kila mtu anarudi nyumbani ameshiba. Msitafute falsafa.

#24 Nyundo ya Keko
Fundi, kama ni biashara tu, Shree 420 ya 1955 utaielezaje? Raj Kapoor yule yule, Abbas yule yule. Safari hii Raj anapandishwa ngazi na Nadira mpaka kwenye kasino na masuti, halafu anashuka kwa hiari kumrudia Nargis mwalimu maskini. Ule mwavuli mmoja kwenye mvua ni wa watu wawili wasio na kitu. Huko tajiri hakutakiwa kabisa.

#25 Fundi Saa
Nayo iliuza. Mwavuli ni bei rahisi kuliko jumba la kioo.

#26 Mtoto wa Ngamiani
Wakuu, mimi sijui Abbas wala nani, ila nimeshapeleka posa nikakataliwa, na sijawahi kuiona hiyo hali kwenye picha yoyote ilivyo. Hakuna aliyefoka. Baba wa binti alinikaribisha vizuri, akaniuliza kazi, nikasema nina duka la vipuri vya baiskeli. Akamwita kijana alete juisi. Akaanza kuniuliza bei ya tairi, bei ya mnyororo, akanisifu kwamba biashara ni kitu kizuri. Nikamaliza juisi. Mshenga alipotaka kurudi kwenye mada mzee akasema binti bado anasoma. Binti alikuwa ameshamaliza chuo. Laiti angenitolea noti kama Pran ningepata pa kukasirikia.

#27 Kipusa wa Magomeni
Pole sana. Ila mkuu, mnyororo ni bei gani?

#28 Mtoto wa Ngamiani
Kipusa Mungu anakuona.

#29 Shangazi wa Tandale
Mtoto wa Ngamiani, usikate tamaa, hata Devdas mtoto wa tajiri alishindwa. Na hapo pana jambo ambalo sisi huwa linatupita. Kwenye riwaya ya Sarat Chandra ya 1917, familia ya Devdas inamkataa Paro, mpenzi wake, kwa sababu ni majirani na kwa sababu ukoo wa kina Paro una desturi ya kupokea mali wanapomwoza binti. Kwao wakubwa hiyo ni aibu, ni kuuza mtoto. Sisi huku asiyetoa mahari ndiye mwenye aibu. Bibi zetu walimlilia Dilip Kumar kwenye ile ya 1955 wakidhani kakataliwa tu kwa sababu binti hana hela.

#30 Kijana wa Upanga
Sahihi Shangazi. Na kina Paro hawakuwa mafukara. Umbali kati ya nyumba mbili zile ni ua tu.

#31 Chipukizi wa Mbagala
Mimi Raja Hindustani ndiyo naijua. Aamir Khan dereva teksi, Karisma mtoto wa tajiri. Au hiyo haihesabiki?

#32 Dereva Mstaafu
Hiyo ni ya 1996 mwanangu, na hadithi yake imemtazama sana Shashi Kapoor wa #7. Mpaka wimbo wa mgeni wa kuondoka umo kwenye zote mbili. Ila kama dereva, namuunga mkono Aamir.

#33 Binti Makunduchi
Kama tunasogea miaka, Maine Pyar Kiya ya 1989 ndiyo mpaka wangu. Salman anaambiwa na baba wa binti, fundi makenika, akitaka kuoa akatafute rupia 2,000 kwa mwezi mmoja kwa jasho lake. Hapa mambo yamegeuzwa, maskini ndiye anayeweka sharti, tajiri ndiye anayebeba mawe. Mara ya kwanza kwangu kuona mkwe maskini ana kiburi chake na picha iko upande wake.

#34 Mchuzi wa Pweza
Na huyo fundi makenika na baba wa Salman ni marafiki wa zamani! Soma #1, nilishasema. Na Pakeezah ya 1972 msiilete, Meena Kumari kahaba wa kumbi za ngoma anampenda Raaj Kumar wa ukoo bora, mwisho inajulikana baba yake ni Ashok Kumar, ami yake huyo huyo Raaj Kumar. Ndugu kabisa.

#35 Msoma Gazeti
Pyaasa, 1957. Guru Dutt mshairi asiye na senti. Mala Sinha aliyempenda chuoni kaolewa na mchapishaji tajiri, kwa hesabu zake mwenyewe, bila baba kumlazimisha. Mwisho mshairi anaondoka na Waheeda Rehman, mwanamke wa barabarani. Hakuna aliyepanda. Ingiza hiyo kwenye kanuni yako.

#36 Mchuzi wa Pweza
Hiyo inaniunga mkono, maskini kamwoa maskini.

#37 Mwalimu wa Zamu
Huyu hata akioneshwa cheti cha ndoa atauliza mhuri.

#38 Mvita Mmoja
Nani ana Sujata nzima, nakala safi, aniwekee kiungo? Niliyoipata yakatika pale pale Sunil Dutt aliposhika simu.